Umuganda Hauna Mashabiki

Wiki mbili kabla ya Ramadhani ya mwaka jana, shangazi yangu alipoteza hesabu za madeni za mwezi mzima kwa sababu ya neno moja la Kiswahili. Ana duka la vitambaa Biryogo, hapa Kigali, mtaa ambao Kiswahili kimekuwa lugha ya biashara na ya baraza la msikiti tangu enzi za babu zetu. Kompyuta yake nilimwekea mimi. Nilimshawishi aache daftari la karatasi atumie programu ya majedwali, tena programu huria isiyolipiwa hata senti. Nikaigeuza iwe ya Kiswahili, ili nimwonyeshe kwamba lugha yake inaweza kukaa hata ndani ya mashine. Jioni moja alimaliza kuandika, akabonyeza alama ya kufunga, na programu ikamwuliza swali. Alinisimulia hivi:

"Mwanangu, ile kompyuta yako iliniuliza kama nataka kuokoka kabla ya kufunga. Nikashangaa, Ramadhani inakaribia, nani tena ananihubiria? Nikaiambia hapana."

Skrini ilikuwa imeandika: "Je, ungependa kuokoa kabla ya kufunga?" Aliyeitafsiri sentensi hiyo alikutana na kitenzi cha Kiingereza kinachotumika kwa mtu anayeokolewa mtoni na pia kwa faili linalowekwa salama ndani ya kompyuta. Akachagua maana ya mtoni. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza katika idara yetu angeandika "kuhifadhi". Shangazi alibonyeza "Hapana", na programu, kwa utiifu wote, ikatupa kazi yake. Majina ya wateja, mita za vitenge walizochukua na faranga 186,000 walizokuwa wakidaiwa, vyote vikapotea. Wateja wengine walikuja kulipa kwa hiari yao. Wengine walikumbuka deni dogo kuliko lile alilolikumbuka yeye.

Ningependa kuandika kwamba niliposikia habari hiyo nilikasirika. Ukweli ni kwamba niliona aibu, kwa sababu sentensi ile nilikuwa naifahamu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwenzetu mmoja aliipiga picha na kuituma katika kundi la WhatsApp la darasa. Tulicheka siku mbili. Mmoja aliandika, "Haleluya, kompyuta imeokoka!" Mimi nilituma stika ya mtu anayegaagaa kwa kicheko. Sote tulijua neno sahihi. Tulikuwa watu 42 katika kundi lile, wote tunasomea Kiswahili, na mmoja wao, yaani mimi, anajiita mwandishi wa programu. Hakuna aliyelirekebisha.

Baada ya mkasa wa shangazi niliingia mahali ambapo tafsiri za programu ile hutunzwa. Mahali penyewe ni pa wazi. Mtu yeyote anaweza kuingia. Kuna safu mbili: kushoto sentensi za Kiingereza, kulia za Kiswahili, na kulia kuna mashimo mengi kuliko maneno. Nilitafuta orodha ya waliofanya kazi ile ili nijue ni genge gani la wazembe lililotuletea "kuokoa". Jina lilikuwa moja. Mtu mmoja, peke yake, alikuwa ametafsiri maelfu ya sentensi na kuacha miaka kadhaa iliyopita. Sentensi zake nyingi zilikuwa nzuri kabisa. Katika maelfu hayo alikosea chache, na hizo chache ndizo tulizomlipa kwa kicheko.

Kurekebisha sentensi ile kulinichukua dakika 11, pamoja na muda wa kufungua akaunti.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni ugonjwa gani unaomfanya mtu acheke mwaka mzima juu ya kitu anachoweza kukitengeneza kwa dakika 11. Nimepata jina lake. Unaitwa ushabiki. Naandika makala haya kuushambulia, nikianza na nafsi yangu.

Sina ugomvi na mpira. Mimi ni mtu wa Rayon Sports. Siku tunapocheza na APR sili chakula cha mchana. Najua pia jinsi Kigali inavyogawanyika kwa ajili ya timu za Uingereza, na tangu mwaka 2018, jina la nchi yetu lilipoanza kuonekana kwenye mkono wa jezi ya Arsenal, mashabiki wa timu hiyo hapa nyumbani wamejiona kama wenye hisa. Hayo yote ni raha ya maisha. Shabiki wa mpira, hata akikaa tu na kupiga kelele, ana kazi anayoifanya. Analipa kiingilio, ananunua jezi, anatazama matangazo yanayolipia mechi. Bila yeye wachezaji wasingelipwa. Ushabiki wake ni sehemu ya injini ya mpira.

Sasa ichukue tabia hiyo uipeleke kwenye programu huria. Hakuna kiingilio. Hakuna jezi. Anayeipenda programu bila kuifanyia chochote haiongezei hata senti moja wala hata mstari mmoja. Anachoiongezea ni madai: mbona inachelewa, mbona haina rangi nzuri, mbona Kiswahili chake ni kibovu. Uwanja wa mpira ukijaa mashabiki, timu hunenepa. Programu huria ikijaa mashabiki, mtunzaji wake hukonda.

Nimeishi maisha hayo. Kwenye kifuniko cha kompyuta yangu kuna stika ya pengwini wa Linux. Nimekesha bwenini nikibishana kuhusu aina gani ya Linux ni ya wanaume na ipi ni ya watoto. Niliwahi kununiana na rafiki yangu wa chumba kimoja kwa wiki nzima kwa sababu aliiita Ubuntu "mfumo wa wanaoanza". Nilijua historia yote kama mashabiki wanavyojua mabao: Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983; Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akaitoa Linux mwaka 1991; Ubuntu ikaletwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Nilijua kila kitu isipokuwa kufanya kitu. Katika miaka minne ya kujiita mtu wa programu huria, sikuwahi kuripoti hitilafu hata moja.

Tukae kidogo juu ya neno Ubuntu, maana sisi wa ukanda huu tunalijua kuliko wengi. Kwetu Rwanda ubuntu ni utu na ukarimu, kama ilivyo kwa majirani zetu wa Burundi, na Waganda wana obuntu yao. Lakini katika Kinyarwanda tuna msemo "ku buntu", na maana yake ni bila malipo. Kitu ulichopewa ku buntu umepewa kwa utu wa mtu. Lugha imeweka ukarimu wa mtoaji ndani ya neno lenyewe: huwezi kusema umepata bure bila kukumbuka kwamba kuna aliyetoa.

Waingereza hawana bahati hiyo. Wana neno moja kwa kilicho huru na kwa kisicholipiwa, na kwa sababu hiyo Stallman ametumia miaka mingi kueleza kwamba anazungumzia uhuru, hazungumzii bei. Mwaka 1998 wengine walichoka na maelezo hayo wakatunga jina jingine linalosisitiza kwamba chanzo cha programu kiko wazi. Kiswahili hakikuwa na shida hiyo hata siku moja. Tuna huru, na tuna bure. Mtoto wa shule ya msingi anajua tofauti. Hata hivyo sisi, wenye maneno mawili, tumeiishi ile maana moja tu. Tumechukua bure, tukaacha huru mezani. Na bure, kama tunavyojua sote, ina maana nyingine pia: mtu anaweza kufanya kazi bure kabisa, yaani ikawa kazi isiyofaa kitu.

Kuna neno la tatu ambalo lingetusaidia zaidi kuliko hayo mawili, na neno hilo ni umuganda. Kwa wenzetu wa Kampala, Bujumbura au Bukavu wasiolijua, nieleze. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, maduka Rwanda hufungwa na magari hupungua barabarani. Watu wenye umri wa miaka 18 hadi 65 hutoka kufanya kazi ya pamoja mtaani kwao: kufukia mashimo, kuzibua mitaro, kupanda miti. Watanzania wana msaragambo, Wakenya wana harambee. Wazo ni ndugu moja. Baada ya kazi kuna kikao, watu wanazungumzia mambo ya mtaa.

Jambo ninalotaka mlione ni hili. Katika umuganda hakuna jukwaa. Hakuna mahali pa kusimama na kupeperusha skafu huku jirani yako akilima. Ukifika bila jembe utapewa la mtu aliyechoka. Ukija kutazama tu, wazee watakutazama wewe mpaka uiname. Umuganda una wafanyakazi na una watoro, basi. Hauna mashabiki.

Programu huria ni umuganda. Kila aliyeichukulia kama uwanja wa mpira amekosea mlango.

Mtaniambia natia chumvi. Basi tuangalie yaliyotokea mwezi Machi mwaka 2024. Kuna programu ndogo iitwayo xz, inayobana mafaili ili yawe madogo. Imo katika kompyuta za Linux zisizohesabika, zikiwamo zile zinazobeba benki, hospitali na vyuo. Kwa miaka mingi ilitunzwa kwa kujitolea na mtu mmoja. Alipochelewa kutoa matoleo mapya, watu walimwandikia wakimlaumu hadharani. Naye, mwaka 2022, alieleza waziwazi kwamba afya yake ya akili imemlemea na kwamba kazi hii haina malipo. Wakati huohuo alikuwapo msaidizi mpole, mchapakazi, aliyejiita Jia Tan. Taratibu akapewa funguo za nyumba. Kumbe alikuwa amekuja kuweka mlango wa siri ndani ya programu, ambao ungemwezesha kuingia katika kompyuta za watu. Aliyegundua ni mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyeona kwamba kuingia katika kompyuta yake kumechelewa kwa takriban nusu sekunde, akakataa kupuuza.

Nusu sekunde! Mwizi alipata nafasi kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amechoka, na alichoka kwa sababu waliomzunguka walikuwa wakidai badala ya kusaidia. Nyumba iliokolewa na mtu mmoja aliyejali kidogo zaidi ya kawaida. Hapo ndipo kitenzi "kuokoa" kinapofaa.

Sasa nigeukie upande wa pili wa shtaka, na hapa najua nitawaudhi wenzangu wa idara. Sisi wanafunzi wa Kiswahili ni mashabiki wa Kiswahili. Kila tarehe 7 Julai, tangu Siku ya Kiswahili Duniani ilipoanza kuadhimishwa mwaka 2022, tunavaa fulana, tunaghani mashairi, tunasikiliza hotuba kwamba lugha yetu inapaa. Tunakumbushana kwamba Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Jioni tunatuma picha za sherehe kwa simu zilizowekwa Kiingereza. Nimewahi kuwauliza wenzangu kwa nini simu zao si za Kiswahili. Jibu lilikuwa lilelile: "Kiswahili cha simu ni kibovu." Ni kibovu kwa sababu nani?

Katika semina tunaweza kutumia saa mbili kubishania kama kifaa hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Nimeona watu wakipandisha sauti kama wako Nyamirambo siku ya debi. Mwisho wa saa mbili tunatoka, kifaa chenyewe bado kinamwuliza shangazi yangu kama anataka kuokoka. Katika historia ya lugha tunakariri kamati ya usanifishaji ya mwaka 1930. Ni sawa, tuikariri. Lakini ni wangapi kati yetu tumefundishwa kwamba mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili? Watu wale walikaa chini wakaamua kila neno la menyu liitweje, wakati wengi wetu tulikuwa tunanyonya au hatujazaliwa. Kazi kama ile haimaliziki siku ya uzinduzi, kwa sababu kila toleo jipya la programu huja na sentensi mpya. Ni kama barabara ya udongo: ukikosa misimu miwili ya kufukia, mvua inairudisha kuwa kijito. Wao walikata barabara, na zamu ya kufukia mashimo ni yetu.

Tena mfano wa watu wanaoweza uko hapahapa. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za watu ili kompyuta zijifunze kusikia lugha mbalimbali, na sauti hizo hutolewa wazi kwa kila mtu. Mtu anasoma sentensi kwa sauti. Wengine wanasikiliza na kuthibitisha. Kinyarwanda, lugha ya nchi ndogo isiyotajwa mara nyingi katika mambo ya kompyuta, kina humo zaidi ya saa 2,000 za sauti na kimekuwa miongoni mwa lugha zinazoongoza. Waliolisimamia jambo hilo Kigali walijiita Digital Umuganda. Jina hilo halikuwa pambo. Hakuna aliyehitaji shahada ya uhandisi ili asome sentensi kwenye simu.

Hapo najibu pingamizi la kwanza, lile la "mimi sijui kuandika programu". Kutafsiri hakuhitaji ujue kuandika programu. Kuripoti kwamba kitufe hakifanyi kazi, ukaeleza ulibonyeza nini na ukaona nini, hakuhitaji ujue. Kuandika maelekezo ambayo shangazi ataelewa hakuhitaji ujue. Pengine anayejua programu sana ndiye asiyeweza kazi hiyo. Wahandisi wana njaa ya watu wanaojua lugha, na watu wanaojua lugha tuko hapa tunatuma stika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitalipuuza. Linasema: kampuni kubwa za ng'ambo hutumia programu huria na kuchuma mabilioni, kwa nini mwanafunzi wa Kigali anayekopa bando afanye kazi bila malipo ili tajiri anufaike? Ni kweli zinatumia, na ni haki kuzidai zilipe watunzaji. Mtu wa xz alistahili mshahara zaidi ya alivyostahili lawama. Lakini barabara tunayoifukia Jumamosi hupitwa pia na gari la tajiri. Hatujawahi kusema kwamba, kwa sababu hiyo, mashimo yabaki. Mtaa ni wetu, na anayeanguka shimoni usiku ni mama anayerudi sokoni, si mwenye gari refu. Vivyo hivyo kampuni ile haitapata hasara "kuhifadhi" ikiandikwa "kuokoa". Wahasibu wake wanatumia Kiingereza. Faranga 186,000 zilitoka Biryogo.

Wa tatu watasema mashine zenye akili bandia zitatafsiri kila kitu, tusijisumbue. Mashine hizo hujifunza kutokana na maandishi ya watu. Tukiziachia "kuokoa" zitaturudishia "kuokoa", kwa kasi kubwa na kwa sauti ya kujiamini. Lugha isiyo na watu wanaoikagua ndiyo itakayoharibiwa kwanza, na hapo hatutakuwa hata na jina moja la kumcheka.

La nne nimelisikia kutoka kwa mwalimu wangu, na nalisema kwa heshima. Aliniuliza, "Nyinyi wanafunzi mkivamia tafsiri hizo, mtaacha makosa mangapi?" Mengi, mwalimu. Ndiyo maana tunawahitaji. Kila muhula katika kozi ya tafsiri tunapewa habari ya gazeti ya Kiingereza, tunaitafsiri, mnaisahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka usiku, tunatazama alama, na karatasi inaishia kufungia maandazi. Jasho lenu na letu linakwenda bure, kwa ile maana mbaya ya neno. Napendekeza muhula mmoja tu wa majaribio. Kila mwanafunzi apewe sentensi 100 za programu huria. Atafsiri, mwenzake akague, mwalimu aamue palipo na ubishi, kisha zipelekwe. Darasa la watu 42 lina sentensi 4,200. Yule mtu mmoja niliyemkuta katika orodha aliibeba kazi ya kiasi hicho mgongoni mwake peke yake. Sisi tungeimaliza kama zoezi la nyumbani, na alama tungepata.

Kama mnaona wanafunzi ni wadogo mno kwa kazi hiyo, fikirieni ile koni ya rangi ya chungwa ambayo kila bweni linaijua. Karibu sote tunatazama agasobanuye, zile filamu zenye msimulizi wa Kinyarwanda, kwa programu ya VLC. Hucheza faili lolote, hata lile lililopita kwenye flashi kumi zenye virusi. VLC ilianzia mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, waliotaka mtandao wa kompyuta wenye kasi katika makazi yao ya chuo na wakatengeneza njia ya kupitisha video ndani yake. Mwaka 2001 ikatolewa kwa leseni huria ya GPL, na mpaka leo inatufikia bila malipo. Watoto wa bwenini kama sisi, wenye shida za bwenini kama zetu. Tofauti yetu nao ni kwamba wao, walipochoshwa na mtandao wao, hawakutuma stika.

Sisemi kila mtu awe mwandishi wa programu, na sisemi tuache kushangilia. Jumapili nitakuwa uwanjani na skafu yangu ya buluu. Ninachosema ni kwamba kuna vitu vinavyoishi kwa kushangiliwa, na kuna vitu vinavyoishi kwa kubebwa. Lugha ni kitu cha kubebwa. Programu huria ni kitu cha kubebwa. Tunapovishangilia tu tunakuwa tumekaa juu ya mzigo huku tukimsifu anayeubeba.

Marekebisho yangu yaliingia katika toleo lililofuata. Nilikwenda Biryogo, nikaiweka programu mpya, nikamwomba shangazi aandike jina la mteja mmoja na kufunga. Ikamwuliza: "Je, ungependa kuhifadhi mabadiliko kabla ya kufunga?" Akaisoma polepole, akabonyeza "Ndiyo". "Sasa inasema kama watu," akasema. Nilikuwa bado sijamaliza kujivuna aliposogeza kidole chini ya skrini, kwenye neno jingine. "Na hili, mwanangu, lina maana gani?" Nikalitazama. Halikuwa na maana yoyote. Akaendelea na kidole chake mpaka tukawa na maneno tisa kwenye kipande cha karatasi.

Maneno hayo tisa ninayo. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, umuganda wa mtaa ukiisha saa tano, nitaoga matope, nitakula, na kuanzia saa nane nitakuwa katika chumba cha kompyuta cha idara. Mwenye kamusi aje nayo. Mwenye bando na amgawie asiye nalo. Asiye na chochote aje na Kiswahili chake. Jukwaa la kukalia halitakuwapo.